Kitabu Kile Kile, Msomaji Mwingine: Umri Unavyogeuza Ladha ya Fantasia

Wapenzi wa hadithi za kisayansi huko Marekani wana usemi wao wa miaka mingi, unaohusishwa na shabiki mwenzao Peter Graham, kwamba enzi ya dhahabu ya hadithi hizo ni miaka 12. Wanahistoria wa fasihi hiyo huianza enzi ya dhahabu mwishoni mwa miaka ya 1930, John W. Campbell aliposhika uhariri wa jarida la Astounding. Graham aliitoa kwenye kalenda ya majarida akaiweka kwenye umri wa msomaji. Nusu ya usemi huo ni kweli: mtoto wa miaka 12 humezwa na kitabu kwa namna ambayo huenda asiipate tena. Nusu ya pili, ile inayodokeza kwamba baada ya hapo ni kupoa tu, naikataa. Ninachokiona ni kwamba swali analokwenda nalo msomaji kitabuni hugeuka kila baada ya miaka kadhaa, na wengi wanaosema wameichoka fantasia, yaani hadithi za dunia za kubuni, bado wanachagua vitabu vinavyojibu swali walilokwisha kuliacha nyuma.

Tuchukue Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952. Kiini chake kinatokana na Alfu Lela U Lela. Adili ana ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, waliomsaliti kwa wivu. Jini amewageuza manyani, na Adili ameamriwa awachape kila usiku. Mtoto wa miaka tisa au kumi anashika manyani na kiboko. Anataka kujua watarudi lini kuwa watu. Kijana wa miaka 15 anaanza kupima: walikosa nini hasa, adhabu inalingana na kosa, jini amepata wapi mamlaka hayo, na kwa nini Adili asimkatalie? Mtu wa miaka 40 anasimama mahali ambapo wale wawili walipita mbio, ingawa pameandikwa waziwazi: Adili akishamaliza kuwachapa, huwabembeleza na kuwalisha. Aliyewahi kumfungia mlango mdogo wake mlevi, kisha akampelekea sahani ya chakula dirishani, hahitaji kuelezwa ukurasa huo. Hakuna neno lililobadilika kitabuni tangu 1952.

Padri na mwanafasihi J. A. Appleyard, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu makuzi ya msomaji, aliigawa safari hii katika nafasi tano: mchezaji wa utotoni, shujaa wa umri wa shule ya msingi, mfikiri wa ujana, mfasiri anayesoma kama mwanafunzi wa fasihi, na mtu mzima anayejichagulia kitabu kimfae kwa lipi. Mgawanyo huo unasaidia, ila fantasia na hadithi za kisayansi zina jambo la ziada ambalo riwaya ya kawaida haina. Dunia yake imetungwa, na kwa hiyo ina sheria zilizotungwa pia: nani ana nguvu, anaipata wapi, inafika wapi, inamgharimu nini. Katika jambo hilo ndipo umri unapoonekana vizuri zaidi. Mtoto anauliza kuna nini huko. Kijana anauliza kunaendaje. Mtu mzima anauliza gharama anailipa nani.

Kwa watoto wa miaka 8 hadi 11 mahitaji ni machache lakini hayana mjadala. Mlango wa kuingilia dunia ile ufunguke mapema, ndani ya kurasa chache za mwanzo. Njia iwe moja na wahusika wenye majina wasijazane katika sura ya kwanza. Wakizidi watano mtoto anawachanganya. Sura iwe ya kusomeka kwa sauti ndani ya dakika 10 hadi 15. Sheria ya ajabu inaweza kuwa ya kiholela kabisa, kwa mfano kwamba mlango hufunguka kwa anayevaa kiatu kimoja tu, na mtoto ataipokea bila kuhoji, mradi isivunjwe baadaye. Kinachoharibu mambo katika umri huu ni mtu mzima anayekatiza usomaji ili aeleze kwamba simba ni mtawala na sungura ni mwananchi. Mtoto bado anamtazama simba.

Kuanzia miaka 12 hadi 16 mambo yanageuka haraka. Hapa ndipo zinapopendwa ramani, ngazi za wachawi, orodha za sayari, nasaba za wafalme, maelezo ya injini na majina ya silaha. Watu wazima huyaona hayo kama mapambo, lakini kwa kijana ndiyo chakula chenyewe. Yuko katika umri wa kugundua kwamba nyumba, shule na serikali zinaendeshwa kwa kanuni ambazo hazikuandikwa popote, na anakuta mahali ambapo kanuni zimeandikwa, zinaeleweka, na anayezijua anashinda. Isaac Asimov alikuwa na miaka 22 tu hadithi ya kwanza ya mfululizo wake wa Foundation ilipochapishwa mwaka 1942, na wazo lake kuu, kwamba mwenendo wa halaiki ya watu unaweza kukokotolewa kwa hesabu karne nyingi mbele, ni wazo linalomlevya kijana. Mchumi Paul Krugman, aliyekuja kupata tuzo ya Nobel, ameeleza mara kadhaa kwamba vitabu hivyo ndivyo vilivyomsukuma kwenye uchumi. Msomaji wa miaka 45 anayevirudia anakutana na mpango ule ule, lakini sasa ameshakaa kwenye vikao vya bajeti.

Urefu haumtishi kijana. Kitabu cha kwanza cha Harry Potter kilitoka Uingereza mwaka 1997 kikiwa na kurasa 223. Cha tano, mwaka 2003, kilikuwa na kurasa 766, na wasomaji wake wengi walikuwa bado shuleni. Mfululizo huo ulifanya jambo ambalo wachapishaji huliogopa: ulikua pamoja na msomaji. Aliyeanza akiwa na miaka 11 mwaka 1997 alikuwa na 21 ulipokwisha mwaka 2007, na vitabu vilikuwa vimeshatoka kwenye maajabu ya shule na kuingia kwenye vifo, magazeti yanayopotosha na wizara inayokanusha ukweli. Wachapishaji wake, Bloomsbury, walitoa pia toleo lenye jalada la watu wazima, maneno ya ndani yakiwa yale yale. Wasomaji wazima walikuwapo tayari. Walichokosa ni jalada la kushika ndani ya treni bila kuona haya.

Mfano ulio bora kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Ursula K. Le Guin na visiwa vyake vya Earthsea. Kitabu cha kwanza, cha mwaka 1968, aliombwa na mchapishaji Herman Schein wa Parnassus Press aliyetaka kitabu cha vijana. Kinamhusu Ged, mvulana mwenye ngozi ya hudhurungi na kipaji kikubwa, ambaye kwa kiburi anafungulia kivuli kinachomwinda hadi anapokigeukia na kukiita kwa jina. Swali lake ni la ujana moja kwa moja: nguvu niliyo nayo naitumiaje isiniangamize? Vitabu viwili vilifuata mapema miaka ya 1970, kisha kimya kirefu. Cha nne, Tehanu, kilitoka mwaka 1990, mwandishi akiwa na miaka 60. Ndani yake Tenar, aliyekuwa kuhani binti mdogo katika kitabu cha pili, sasa ni mjane mwenye watoto wakubwa, anaendesha shamba na kumlea mtoto aliyechomwa moto na watu wake mwenyewe. Ged anarudi nyumbani nguvu zake zimekwisha. Kurasa nyingi zinahusu mbuzi, kuosha vyombo, na hofu ya mwanamke anayesikia wanaume nje ya mlango usiku.

Wapo waliokasirika. Walikuwa wamesubiri miaka karibu ishirini wapate tena mchawi na mazimwi, wakapewa jiko. Lakini Tehanu kinasoma dunia ile ile kwa jicho la mtu aliyeona nani alikuwa anafua nguo wakati mashujaa wanasafiri. Ukikisoma ukiwa na miaka 14 kinachosha kweli, na sidhani kama kijana anapaswa kulaumiwa kwa hilo. Ukikisoma na miaka 50 unashindwa kukiweka chini. Kosa la kawaida la wazazi wanaopenda fasihi ni kununua vitabu vyote kwa mkupuo na kumkabidhi mtoto avisome kwa mfuatano. Vitatu vya mwanzo mpe. Cha nne kiweke rafuni.

J. R. R. Tolkien alijaribu njia nyingine ikamshinda. The Hobbit aliichapisha mwaka 1937 kwa sauti ya baba anayewasimulia watoto. Mwaka 1960, akiwa ameshatoa The Lord of the Rings, alianza kuiandika upya ili ifanane na kitabu kile kikubwa kwa uzito wa lugha na usahihi wa safari, akaiacha baada ya sura chache. Kitabu kilichojengwa kwa swali la mtoto hakikukubali kubadilishiwa swali.

Tukija kwa mtu mzima anayesema hana tena hamu, mara nyingi tatizo si hamu hata kidogo. Ni saa. The Lord of the Rings ina maneno yapatayo 480,000. Marc Brysbaert, aliyekusanya tafiti nyingi za kasi ya kusoma mwaka 2019, alipata wastani wa maneno 260 kwa dakika kwa wasomaji wa hadithi za Kiingereza. Anayesoma Kiingereza kama lugha ya pili au ya tatu tumkadirie 200. Hiyo ni dakika 2,400, yaani saa 40. Mwanafunzi aliye likizo akisoma saa nne kwa siku, amemaliza kwa siku kumi, na majina yote bado yako kichwani. Mfanyakazi mwenye nusu saa kabla ya kulala anahitaji siku 80. Akifika siku ya 50 hakumbuki tena nani ni mtoto wa nani, anafungua ramani, usingizi unamchukua, na wiki inayofuata kitabu kiko chini ya kitanda. Anahitimisha kwamba amekua. Ukweli ni kwamba amechagua urefu wa likizo kwa maisha yasiyo na likizo.

Dawa yake ni riwaya fupi. Tuzo ya Hugo, mojawapo ya tuzo kubwa za fantasia na hadithi za kisayansi, huitambua kwa kipimo: maneno 17,500 hadi 40,000. Yenye maneno 30,000, kwa kasi ile ya 200, inachukua dakika 150, yaani usiku tano za nusu saa. Riwaya iitwayo Binti, ya Nnedi Okorafor, ya mwaka 2015, ni ya jamii hiyo, na ilichukua Hugo na tuzo nyingine ya fasihi hii, Nebula. Msichana wa Kihimba mwenye miaka 16 anatoroka nyumbani kwenda chuo kikuu kilichoko kwenye sayari nyingine. Kijana anasoma kuondoka, mzazi anasoma waliobaki. Anayerudi kwenye fantasia baada ya miaka mingi aanze na vitabu vitatu vya urefu huo, mwandishi tofauti kila kimoja, kabla ya kugusa mfululizo wowote. Na asianze na kile alichokipenda akiwa na miaka 13. Kukirudia kwa nia ya kutafuta msisimko wa zamani huishia kwenye kukidharau kitabu kisichokuwa na kosa.

Uzeeni kuna habari njema kuliko watu wanavyofikiri. Kasi ya akili kushika mambo mengi mapya kwa pamoja hupungua taratibu tangu ujana, lakini msamiati na maarifa yaliyokwisha kukusanywa huendelea kukua kwa miongo mingi. Ndiyo maana mzee hupata taabu na kitabu chenye falme saba na lugha nne katika sura ya kwanza, wakati huo huo akawa msomaji hodari kuliko mjukuu wake wa hadithi inayodokeza. Mwanasaikolojia Laura Carstensen ameonyesha kwamba watu wanapohisi muda uliobaki ni mfupi huelekea zaidi kwenye yale yenye maana moyoni kuliko yale ya kupanua upeo tu. Kwa msomaji wa fantasia hiyo ni hadithi ya dunia ndogo iliyochimbwa kwa kina. Kuna pia jicho: kuanzia miaka 40 hivi herufi ndogo huanza kukataa, na wengi huacha kusoma kwa sababu hiyo bila kuitaja. Maandishi makubwa kwa kawaida huanzia pointi 16. Simu yoyote ya kisasa inaweza kufikia hapo, vitabu vingi vya karatasi vinavyouzwa mitaani haviwezi.

Sasa tuitazame rafu yetu ya Kiswahili, maana hapo ndipo jambo linaponiuma.

Upande wa watoto tunazo ngano, sungura na fisi, mazimwi, Abunuwasi. Upande wa watu wazima tuna hazina ambayo lugha nyingi zingejivunia: Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert, Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi, Walenisi (1995) ya Katama Mkangi ambamo Dzombo aliyehukumiwa kifo anarushwa angani akafika kwenye jamii isiyofanana na alikotoka, Ziraili na Zirani (1999) ya William Mkufya, Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed, Bina-Adamu! (2002) ya Kyallo Wamitila. Zote zinauliza swali la mtu mzima: nani analipa, nani anatawala, binadamu anakwenda wapi. Katikati, pale anaposimama mtu wa miaka 13 anayetaka ramani, kanuni na safari ndefu, rafu ni nyembamba mno. Wakoloni waliwahi kuijaza kwa tafsiri kama Mashimo ya Mfalme Suleimani (1929) na Elisi katika Nchi ya Ajabu (1940), nasi hatukuendeleza kwa kiwango kinachotosha.

Kijana hakai na njaa. Anakwenda kwenye Kiingereza, na huko anakutana na kikwazo ambacho kijana wa London hana. Fantasia hujaa maneno ya kubuni. Msomaji aliyezaliwa na Kiingereza hujua papo hapo kwamba neno hili limetungwa na lile ni la kawaida. Kijana wa Morogoro au Kisii, akiwa na miaka 13, hawezi kutenganisha. Jina la mmea wa kubuni na jina la mti halisi wa Ulaya kwake ni mamoja. Theluji na zimwi vyote ni vya kusimuliwa tu. Anafungua kamusi kutafuta neno lisilokuwamo, anadhani ujinga ni wake, anafunga kitabu. Wengine huvumilia na kusonga mbele kwa kukisia, na hao hugeuka wasomaji hodari, lakini ule umri wa kufurahia mfumo unawafikia wakiwa na miaka 17 au 18, muda ambao mitihani na maisha vimeshawashika.

Kwingine anakokwenda ni simulizi za majini na vibwengo, zile za mfululizo magazetini na mitandaoni. Nazitetea bila kusita katika jambo moja: zinajua kukatisha sehemu mahali ambapo msomaji hawezi kulala. Udhaifu wake ni sheria. Jini aliyeshindwa kuvuka kizingiti chenye chumvi katika sehemu ya tatu anavuka katika sehemu ya ishirini kwa sababu mtunzi amekwama. Pia lazima tukumbuke kwamba kwetu mpaka wa fantasia umepita mahali pengine. Kwa wasomaji wengi wa Pwani na bara jini na mzimu vimo katika dunia tunayoishi, kwa hiyo hadithi yake husomwa kama habari ya hatari inayowezekana. Mtoto anaiogopa, kijana anaibishia au anakatazwa na wazazi kwa sababu za dini, na mtu mzima mara nyingi anaiacha kabisa kwa kuiona nzito, wala si ya kitoto.

Kisha linakuja darasa. Kufikirika ya Shaaban Robert imesomwa na wanafunzi wa kidato cha tano na sita Tanzania kwa miaka mingi. Ni nchi ya kubuni yenye mfalme asiye na mtoto, waganga wa kila aina wakiitwa mmoja baada ya mwingine, kisha msako wa mjinga na mwerevu wa kutolewa kafara. Hapo pana mashaka ya kutosha kumkalisha kijana macho. Lakini anaingia kitabuni akiwa na daftari lenye vichwa vya habari: dhamira, ujumbe, falsafa, wahusika, mandhari. Anaambiwa nchi hii inawakilisha nini kabla hajaitembelea. Kusadikika nayo ina wajumbe sita, wanaokwenda mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, wakarudi na mambo ya kuifaa nchi wakaishia kuadhibiwa. Safari zile zina sheria, hatari na maajabu, yote anayoyataka mtu wa miaka 14. Mwalimu akitenga vipindi viwili vya mwanzo kwa kuchora ramani ya pande sita na kuandika kila mjumbe alikuta nini, uchambuzi wa utawala utakuja wenyewe katika kipindi cha tatu, na utakuja na hasira ya kweli.

Kwa waandishi, kazi ya kujaza ile nafasi ya katikati inapimika. Maneno 50,000 hadi 60,000, shujaa wa miaka 14 hadi 16, sura za maneno 2,000 kila moja zinazokatika mahali pagumu kama zile simulizi za mtandaoni zinavyofanya. Maneno ya kubuni yasizidi matatu kwa sura, yajengwe kwa ngeli zetu ili msomaji ajue mara moja ni kitu, mtu au mahali. Kabla ya sura ya kwanza, mtunzi aandike kwenye karatasi moja nguvu iliyopo katika dunia yake inatoka wapi, inafika wapi na inagharimu nini, aibandike ukutani, na kila anapokwama aisome karatasi hiyo kabla ya kumwokoa mhusika. Rasimu impe mtu wa miaka 13 kwanza, mhariri baadaye. Mhariri atasahihisha upatanisho wa kisarufi. Huyo wa miaka 13 ndiye atakayerudi na kuuliza kwa nini mhusika alivuka mto katika sura ya tisa wakati sura ya pili ilisema hauvukiki.